Kura ya Verlene

Jumamosi ile timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Corliss ilishinda mechi yake ya tisa mfululizo, lakini hakuna aliyetoka uwanjani akiimba. Chuo kidogo cha vibonde kilikuwa kimetupeleka puta mchana kutwa, na sekunde ya mwisho mpiga teke wao akakosa milingoti ya goli kwa upana wa kiganja. Tulikunja blanketi zetu tukaenda kwenye magari, kimya, kama watu waliotoka kwenye msiba wa mtu wasiyemjua vizuri.

Aliyetaabika kuliko wote ni Verlene Stovall, mwandishi wa michezo wa gazeti la mji wetu. Yeye ni mmoja wa waandishi ambao kila Jumapili hupiga kura kupanga timu bora za vyuo nchini. Sisi tulikuwa wa tano, na kura yake ilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

Baba yake, mzee Orrin, aliyewahi kuichezea Corliss, alimngoja nje ya kanisa.

"Wa nne," alisema, hata salamu hana. "Hajatufunga mtu."

"Baba, jana si uliona mwenyewe?"

"Niliona ushindi. Au siku hizi mnatoa alama za urembo?"

Verlene akajifungia garini, akampigia Thurman Beecham, mwandishi wa jimbo la mbali la Oregon ambaye naye hupiga kura.

"Thurman, kwa nini huwa unatuweka wa tano?"

"Kwa sababu wewe unawaweka wa tano. Si wewe ndiye unayeishi huko? Mimi sijawahi kuwaona wakicheza, dada. Mechi zenu zinagongana na zetu."

Verlene akazikumbuka kura zake za nyuma. Yeye naye alituweka wa tano kwa kuwa akina Thurman walituweka wa tano.

"Upo?" Thurman aliuliza.

"Nipo. Wapi, ndiyo sijui."

Akafuata alichokiona jana, akatuweka wa kumi na nne.

Kura hizo huwa wazi, kwa hiyo Jumatatu mji mzima ulikuwa umeshaona. Mkahawani, mhudumu alimwekea kikombe mezani kwa kishindo. "Kahawa yako hiyo, mama. Ya kumi na nne kwa utamu." Mzee Orrin akaacha kupokea simu zake.

Katikati ya wiki kocha wetu, Pruitt, alimwita uwanjani. Verlene alikwenda akiwa amejiandaa kutukanwa, lakini kocha akampa mkono.

"Kura yako nimeibandika chumba cha kuvalia. Vijana wamewaka moto! Asante sana."

"Kwa hiyo nimekosea?"

"Wala. Mimi ningetuweka wa ishirini. Ila hilo usiliandike."

Jumamosi iliyofuata tulikutana na timu ya pili nchini, tukaitwanga bila huruma. Watu walilia, wakakumbatia wasiowajua. Nusu ya mji ikasema Verlene ameumbuka, nusu ikasema yeye ndiye aliyetushindia. Kinyozi wetu akaongeza lake: huenda hao wa pili hawakuwa wa pili hata kidogo, nani aliwaona? Verlene aliwasikiliza wote, na kila aliyemsikiliza alimwona yuko sahihi.

Jumapili alikwenda kwa baba yake, akaweka kompyuta kando ya sahani ya nyama na viazi vya kuponda. Alituweka wa tatu. Akafuta. Wa tisa. Akafuta.

"Baba, mwaka ule mliposhika nafasi ya tatu nchini, mlistahili?"

Mzee Orrin alikuwa amekuja mezani na maneno ya kumsuta, akayaacha. Aliushusha uma.

"Mimi nilicheza mstari wa mbele, mwanangu. Nilichokuwa nakiona ni kifua cha mtu na matope. Kelele zikipanda, najua tumefanya jambo."

"Na timu nyingine?"

"Zilikuwepo mbili, watu walisema ni hatari. Hatukukutana nazo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Nipe mchuzi."

Verlene akampa mchuzi. Saa sita ilipokaribia, akabonyeza, akafunga kompyuta.

"Umetuweka wapi?"

"Wa sita."

Mzee alijiongezea mchuzi.

"Pengine," alisema.