Mtahini Aliyejificha Kati ya Wageni

Mjukuu wangu alinikataza mara tatu. Mara ya kwanza jikoni, jioni, akiosha vyombo. Mara ya pili alfajiri, mswaki uko mdomoni. Mara ya tatu mlangoni, amevaa sare ya kijani ambayo nilimpunguzia kiuno kwa mkono wangu mwenyewe.

"Bibi, leo usije. Nakuomba. Mtahini anajificha kati ya wageni, kila mara wanaleta mwingine, hatumjui. Na ndugu wa mtahiniwa haruhusiwi kwenye msafara. Wakigundua wananifuta."

"Nani kasema nakuja, mke mwenzangu? Na goti hili?"

Nikalishika goti nikaguna kidogo. Akaniangalia kama muuza duka anavyoangalia noti iliyochanika, kisha akaenda.

Ilikuwa mara yake ya tatu kutahiniwa uongozaji wa wageni katika hifadhi ya ziwani. Mara ya kwanza alisahau kuwahesabu watu, wakamwacha mzee mmoja amelala kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mara ya pili aliulizwa swali la kijinga akajibu kwa hasira. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka, mjomba wake amekwisha kumwekea nafasi dukani, kuuza misumari na bawaba za milango. Mtoto anayeamka usingizini akisikia ndege akakutajia jina lake, umfungie na misumari! Usiku wa kuamkia mtihani sikulala kwa kumfikiria.

Alipopinda kona tu, goti likapona.

Nikajifunga kilemba, nikavaa miwani myeusi ya jua, nikapanda pikipiki. Nikamwambia dereva, "Mwanangu, kimbia kama unadaiwa." Tukampita mjukuu wangu njiani anatembea. Nikainama kwenye mgongo wa dereva kama mgonjwa.

Na niseme kweli, haikuwa kwa ajili yake peke yake. Miaka arobaini nimeshona nguo katika chumba kinachotazama barabara, mgongo nimeligeuzia ziwa. Ziwa nimelijua kama unavyomjua jirani kwa nguo anazoanika. Hifadhi yenyewe, iliyo mwendo wa robo saa, sikuwahi kuikanyaga. Nilipokata tiketi getini nilijiweka sawa kilemba kama bibi harusi.

Tulikuwa wageni kumi na mmoja. Saa moja asubuhi mjukuu wangu akatokea, akatusalimu, akaanza kutuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu... Alipofika kwangu kidole kikasimama hewani.

"Na wewe, mama... karibu," akasema. Mdomo ulisema karibu. Macho yalisema tutaonana nyumbani.

"Asante, binti. Unaitwa nani vile?"

Akanigeuzia kisogo. Akatupa sheria. "Tunatembea kwa mstari. Hatupigi kelele. Nikiinua mkono, kila mtu anasimama. Hata mguu ulio hewani ubaki hewani. Humu ndani mimi ndiye naona kwanza, nyinyi mnaona baadaye."

Tukaingia. Jamani! Njia yenyewe ni daraja la mbao lililopita juu ya mafunjo, yale majani ya majini yenye vichwa kama mafagio yaliyogeuzwa. Yamesimama marefu kutuzidi, ukungu unapita katikati, na chini maji yanapumua, blup, blup, kama uji unaokaribia kuiva. Kindege mdiria wa bluu akapita mbele ya pua yangu kama uzi uliorushwa. Mwari wanane, ndege wale wenye mfuko mdomoni, wakatua ziwani kwa pamoja, matumbo mbele, hata breki hawana. Nikashika kinywa nisipige kigelegele.

Lakini nilikuja kazini. Nikaanza kumtafuta mtahini.

Mtu aliyeshona nguo miaka arobaini hahitaji kuuliza mtu kazi yake. Nikawapima mmoja mmoja kwa mishono. Wale vijana wawili wapenzi, hapana. Vifungo vimefungwa kwa haraka. Baba mwenye watoto watatu, hapana. Magoti ya suruali yamechakaa kwa kutambaa na watoto mgongoni. Halafu nikamwona bwana mmoja mrefu. Suruali ya kaki, mifuko imepigwa mshono mara mbili kwa uzi mnene, pembeni ya paja kuna kijifuko cha penseli. Hiyo ni nguo ya kazi, imeshonwa kwa oda ya ofisi. Tena mkononi ana daftari, na anaandika, anaandika, haachi.

Nikasogea karibu yake. "Huyu binti anajua kazi," nikasema kwa sauti. "Mimi nimetembea hifadhi nyingi, wa namna hii sijamwona."

Akanitazama, akatazama kilemba changu, akaandika. Moyo ukaruka kwa furaha. Kila alipoandika niliongeza sifa.

Nyuma yangu alikuja mwanamke mmoja mnene, amevaa viatu vya kisigino, kila hatua kisigino kinanasa kati ya mbao. Huyu alikuwa mateso. Hakumwacha mjukuu wangu apumue.

"Dada, kiboko anataga mayai mangapi?"

Nikasikia watu wanacheka kwa pua. Nikafumba macho. Swali la kijinga ndilo lililomwangusha mwaka uliopita.

"Hatagi, mama, anazaa," mjukuu wangu akajibu kwa upole. "Mtoto mmoja, na mara nyingi humzalia majini. Mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kutembea vizuri."

"Kumbe! Na hao ndege nani anawalisha?"

"Ziwa lenyewe. Tukisimama kidogo utaona linavyowagawia."

Nikamwonea huruma yule mwanamke, nikamshika mkono tuvuke mbao zilizolegea.

"Shoga, viatu hivi vya harusini vimekuleta porini?"

"Niliambiwa ni bustani," akahema. "Na wewe mbona unamsifu yule binti kama umemzaa?"

Ulimi hauna mfupa, nao wangu hata gegedu hauna.

"Nimemzaa baba yake," nikamnong'oneza. "Nyamaza lakini! Ndugu haturuhusiwi. Unamwona yule bwana mwenye daftari? Ndiye mtahini. Suruali imemchoma."

"Suruali?"

Nikamfundisha habari ya mshono mara mbili. Alicheka mpaka akakumbatia kamba ya daraja. Nikampenda. Mtu anayecheka kwa tumbo zima hawezi kuwa mbaya.

Hapo mkono ukainuka mbele.

Tukasimama. Mimi mguu wangu ulibaki hewani kweli, goti likaanza kulia bila kuigiza. Mjukuu wangu alinyoosha kidole tu. Katikati ya mafunjo, maji yamemfika kifuani, alisimama nzohe, swala wa majini, dume, pembe zimejisokota, manyoya yanachuruzika. Kuna watu, alituambia baadaye, wanakuja miaka kumi hawamwoni. Alitutazama kama mwenye nyumba aliyekuta wageni hawakubisha hodi. Kisha akazama polepole, polepole, hadi zikabaki pua na pembe. Kisha hakuna kitu. Maji tu.

"Yuko hapo hapo," mjukuu wangu akanong'ona. "Anatusubiri tuondoke."

Watoto watatu wale walikuwa wameshikana mikono bila kujua. Mimi machozi yananitoka ndani ya miwani myeusi. Miaka arobaini, na kumbe alikuwa hapa!

Daraja likaisha, tukashuka kwenye ardhi yenye nyasi fupi. Ziwa likawa wazi upande wa kushoto, linang'aa hadi macho yanauma. Hatua chache mbele, mkono ukainuka tena, mara hii kwa ghafla.

"Njia ya kiboko," akasema. Kweli, palikuwa na mfereji mpana umekata nyasi kutoka kichakani hadi majini. "Kinyesi cha jana kimekauka, cha leo sikioni. Mmoja bado hajarudi nyumbani. Nyuma ya miti ile, wote, taratibu. Asikae mtu kati yake na maji."

Watu wakarudi. Upepo ukavuma, ukapeperusha kofia ya yule bwana mwenye daftari, ikatua katikati ya mfereji.

Nikawaza: mtahini kofia yake imeanguka, na hakuna wa kumwokotea! Nikatoka kwenye mstari.

"Mama wa miwani! Acha kofia. Rudi!"

Nikampungia mkono. "Hatua mbili tu, binti."

Sikuimaliza ya pili. Nilihisi nimeshikwa mkanda wa gauni, nikavutwa kinyumenyume, kilemba kikaruka.

"Nimesema rudi!" Hakuwa na sauti kubwa, ila ilikata kama mkasi mpya. "Humu ndani mkubwa ni mimi. Umri wako uache getini!"

Tangu azaliwe hajawahi kuninyanyulia hata unyusi. Nilitaka kumjibu. Sikupata nafasi, maana kichaka kilipasuka.

Kiboko alitoka kama mlevi aliyepitiwa na asubuhi, mwekundu tumboni, mzito, na kumbe anakimbia! Ardhi ilidunda chini ya nyayo zangu kama cherehani ya umeme. Alipita hatua kumi na mbili kutoka tulipojibanza, akaikanyaga ile kofia ikageuka chapati, akajitupa ziwani. Maji yaliruka, yakatufikia, yakatulowesha wote.

Halafu mtoto mdogo kuliko wote akasema, "Tena!"

Tukaangua kicheko, watu wasiojuana tumekumbatiana, tunarukaruka. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa anatuhesabu. "Tisa, kumi, kumi na mmoja." Ndipo akakaa kwenye kisiki.

Mwisho wa njia palikuwa na banda la kupumzikia. Nilimfuata bwana wa daftari moja kwa moja.

"Pole na kofia, mheshimiwa. Umemwonaje binti?"

"Mheshimiwa gani, mama? Mimi kinyozi." Akanionyesha daftari. Ndege watupu, amewachora vizuri ajabu, kila mmoja ametengenezewa nywele. Na ukurasa mmoja, mimi, na kilemba changu.

"Na suruali?"

"Ya mtumba."

Mtumba! Mtumba umenivunjia ujuzi wa miaka arobaini. Nikageuka, nikamwona yule shoga yangu ameketi kwenye benchi, anavua visigino, anavaa buti alizozitoa mkobani. Kisha akatoa fomu.

"Binti, njoo," akamwita mjukuu wangu. "Mimi ndiye mtahini wako. Nina swali moja la mwisho. Kuna ndugu yako katika msafara huu?"

Nikamtikisia kichwa kwa nguvu: kana, kana! Mjukuu wangu alinitazama, akamgeukia mtahini.

"Yupo," akasema. "Huyo mwenye miwani ni bibi yangu. Nilimwona getini. Niliogopa nikisema mtanifuta kabla sijaanza."

"Kosa langu!" nikaropoka. "Alinikataza mara tatu! Nifuteni mimi!"

"Bibi, nyamaza," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mtahini akakuna sikio kwa kalamu. "Unajua kwa nini tunakataza ndugu? Kwa sababu mtu huona haya kumfokea mkubwa wake. Shemeji anatoka kwenye mstari, mwongozaji anachekacheka, kiboko hachekicheki. Sasa mimi leo nimemwona mtu akimvuta bibi yake kama gunia la mkaa." Akaandika. "Kunyamaza getini, nimekukata alama kumi na tano. Nyingi. Zilizobaki zinatosha, kwa kubanana."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu."

Alipiga yowe lililowarusha mwari wote ziwani, yeye mwenye sheria ya kimya! Akanirukia shingoni, akanizungusha, kisha akakumbuka kwamba ananikasirikia, akaniacha.

"Sijakusamehe," akasema, huku anafuta machozi.

"Usinisamehe leo," nikamwambia. "Leo furahi."

Mtahini alikuwa bado ananitazama, kalamu iko mdomoni. "Kwa kawaida mgeni msumbufu huwa ni mimi," akasema. "Miaka sita sasa, wameanza kunizoea. Mwezi ujao kuna watahiniwa wengine watano. Bibi, hao si ndugu zako?"

"Hata mmoja!"

"Mama, nakusihi, usimpe kazi hiyo," mjukuu wangu akaingilia. "Humjui huyu. Atawaliza."

"Ndiyo maana ya mtihani," nikasema, na nikamgeukia mtahini. "Saa moja asubuhi, au nije mapema?"