Wali wa Wageni wa Pande

Dada yangu Siti alichumbiwa na golikipa, na kwa sababu hiyo mama yetu, mwanamke aliyekuwa hajui hata goli linafungwaje, akawa shabiki wa mpira. Mchumba mwenyewe aliitwa Likwata, kijana wa Pande, upande wa Kilwa, mwenye viganja kama makasia. Alidakia Nyota ya Pande, timu ya daraja la pili mkoani kwetu. Sisi tulikaa Mchinga, na Mchinga ilikuwa na timu yake, Wimbi, kwa hiyo fikirini wenyewe mama alitaniwa kiasi gani pale kisimani.

Habari za msimu zilitufikia kwa lori la korosho. Dereva wake, Damiani, alipiga honi mbele ya nyumba yetu hata kama hakuwa na mzigo wa kushusha.

"Mama Siti! Mkweo kadaka penalti Nachingwea!"

Mama anaacha chungu motoni, anatoka na mwiko mkononi. "Kafungwa?"

"Hajafungwa."

"Alhamdulillahi."

Safari nyingine Damiani anapita bila honi, nasi tunajua Pande wamepigwa, na siku hiyo mboga inaungua.

Posa ilikuwa imeshakubaliwa. Harusi ilisubiri msimu uishe, maana Likwata hakutaka kuoa katikati ya ligi, na mama aliona huyo ni kijana mwenye akili. Hata mimi nilimpenda shemeji yangu, nasema kweli. Ndiyo maana nilikasirika vile baadaye.

Ratiba ikaleta mechi ya mwisho kwetu. Nyota wakishinda, wanapanda daraja la kwanza. Wimbi hawakuwa na cha kupoteza isipokuwa jina. Desturi ilikuwa timu mwenyeji iwalishe wageni wakifika, kwa kuwa walitoka mbali juu ya lori. Mama akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwambia safari hii wageni atawapikia yeye. Alitaka Likwata aone kwamba anaoa kwa watu. Alitaka pia Mchinga nzima ione.

Huo ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule wa msaada tulioubatiza Yanga kwa rangi yake. Watu walikuwa wamehamishwa mashambani kwao na kuletwa vijijini, mvua ikakata, na duka la ushirika lilibaki na chumvi na viberiti. Mchele hukuuona. Mama akachukua doti ya kanga aliyojiwekea kwa ajili ya harusi, haijapindwa hata upande mmoja, akaenda nayo Rutamba kwa miguu, akarudi na mchele kichwani. Majirani wakaja kukuna nazi. Jogoo wetu akachinjwa, changu wakakaangwa, na tuliimba jikoni asubuhi nzima.

Lori la Pande halikufika uwanjani. Lilisimama mbali, wachezaji wakashuka, wakapita katikati ya minazi kwa mstari mmoja, kimya, bila kumwamkia mtu. Lango hawakuligusa, walitoboa ua wa makuti upande wa nyuma wakaingilia hapo. Watu wakacheka. Kila timu ilikuwa na kamati yake ya ufundi ya kuhangaika na uchawi, na sisi Wimbi tulikuwa tumeshafukia vitu vyetu golini, nisijifanye malaika. Mpaka hapo hakuna aliyeona vibaya.

Ndipo mama akatokea na wanawake wenzake, masinia vichwani yamefunikwa kwa kawa, vigelegele mbele. Siti alibaki nyumbani, maana mchumba hajionyeshi hadharani. Mama akatua sinia lake mbele ya wageni, akafunua. Harufu ya wali wa nazi ikaenda hadi kwa watazamaji. Mchezaji mmoja alimeza mate, tukamwona.

"Karibuni, wanangu," mama akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Bakary, mkuu wa kamati yao, akasimama, akajifunga shuka lake vizuri. "Tunashukuru, mama. Tumekuja na vyetu." Akaonyesha debe la maji na kikapu cha mihogo ya kuchemsha waliyotoka nayo Pande.

Mama alidhani ni adabu. Mgeni wa kwetu hukataa kwanza, ukambembeleza, ndipo anakula. Kwa hiyo akabembeleza. Kisha akamgeukia Likwata. "Baba, hata tonge moja. Wenzio wakuone."

Likwata aliinamisha kichwa. "Tumekatazwa, mama."

"Mmekatazwa na nani? Kula?"

Likwata akamtazama Bakary, Bakary akatazama pembeni. Kijana mmoja wa kwetu, mtani asiyejua kunyamaza, akapayuka: "Mama Siti, wanakuogopa wewe! Wanaona umewatilia kitu!"

Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wote pamoja, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Neno mchawi halikutajwa. Mjane, mpishi wa chakula kinachokataliwa na mkwe wake mwenyewe. Kila mtu aliweza kumalizia kimoyomoyo. Niliona aibu. Mama akarudisha kawa, akaliweka sawasawa, akajitwika. Tukarudi na masinia yote. Njia ya nyumbani haikuwa ndefu, lakini ilikuwa na watu pande zote mbili, na wote walitazama vichwani kwetu.

Nyumbani mama akawaita watoto wa majirani waje wale. Mtoto wa Yustina alipeleka mkono kwenye wali, na Yustina, aliyekuna nazi ile kwa mikono yake mwenyewe, akamshika kiwiko.

"Ameshiba huyu," akasema.

Mama akakaa kizingitini, mlango wazi, akala peke yake, tonge kwa tonge, wapita njia wakimwona. Siti alilia chumbani. Mimi niliomba Likwata afungwe mabao mpaka watu wachoke kushangilia. Hakufungwa. Nyota wakashinda, wakapanda daraja, wakaondoka wakiimba juu ya lori.

Baada ya siku chache Likwata akaja na mshenga. Alipiga magoti mlangoni, mtu mzima yule, na mikono yake asijue pa kuiweka.

"Shikamoo, mama. Nimekuvunjia heshima."

"Marahaba."

"Niliwaogopa wenzangu. Chakula kile nilijua hakina kitu. Wallahi nilijua."

"Kumbe ulijua," mama akasema.

Bora angemtukana. Siti alikuwa ameapa kwamba haolewi tena na mtu yule, na mama ndiye aliyekataa kuvunja uchumba. Alisema watu wameshapata la kusema, hana haja ya kuwaongezea. Kisha akachota maji mtungini kwa kata. Kabla ya kumpa Likwata, akanywa funda moja mbele yake, akafuta ukingo kwa upindo wa kanga, akamnyooshea.

"Sasa kunywa, baba."

Likwata akanywa. Tulidhani ni siku ile tu.

Walioana, wakajaliwa watoto. Nyota wakashuka tena daraja la pili, Bakary akafariki, uwanja ule ukalimwa mihogo. Na kila Likwata alipokuja Mchinga, mama alionja kwanza: maji, chai, uji, hata mchuzi. Bila neno, bila kununa. Mara moja Likwata alimwomba, "Mama, nisamehe, yaishe."

"Nilishakusamehe zamani," mama akajibu, akanywa funda lake, akampa kikombe.

Mama alipofariki, nilikwenda Pande kukaa na Siti. Jioni moja Likwata alirudi kutoka shamba la mikorosho, akaketi barazani, akaomba maji. Binti yake mdogo, Mboni, akakimbilia mtungini, akachota, akaja polepole asimwage. Alipofika mbele ya baba yake akasimama. Akanywa funda moja, akafuta ukingo wa kata kwa gauni lake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Hakufundishwa na mtu. Alikuwa akiona kwa bibi yake Mchinga, akadhani ndivyo baba anavyopewa maji.

Siti aliinuka akaingia ndani. Likwata alishika kata kwa viganja vyake vile vikubwa, na maji yakawa yanamwagika.

"Kunywa, baba," Mboni akasema.