Masale ya Sumari

Msiniulize nilikuwa nani zamani za Mdachi, nitawaambia mwenyewe: nilikuwa nyapara wa taka. Mnacheka. Chekeni tu, lakini siku zile chini ya boma la Arusha hapakuwa na mtu aliyemwaga hata maganda ya ndizi mlangoni pake bila kutazama kwanza kama Abasi bin Omary anapita.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipanda huku bara na msafara, nikaugua homa, wenzangu wakaniacha, nikapona nikabaki. Boma lilikuwa jipya na watu walizidi kila mwezi: askari, wafanyabiashara, wapagazi, na soko, na machinjio, na zizi la farasi. Uchafu wao wote ulikwenda mto Themi. Akaja bwana daktari mmoja, akanusa, akaandika, akaondoka. Baada yake ikatoka amri: mtoni mtu asitupe kitu, kila nyumba ifagie mbele yake, na taka zote, pamoja na samadi ya farasi, zipelekwe kwenye mashimo zichomwe na kufukiwa. Nikapewa wafungwa kumi na wawili wa mnyororo, vikapu, askari mmoja na kofia nyekundu. Ile kofia ndiyo iliyoniharibu.

Wenyeji walitushangaa. Kwao mavi ya ng'ombe hayatupwi. Mwanamke anayazoa asubuhi, anayapeleka kwenye migomba, na majivu anayapeleka, na maganda, kila kilichotoka ardhini kinarudi ardhini. Sasa wanaona wanaume wazima wanachoma samadi, tena wamesimamiwa na bunduki. Loishiye, mkalimani wa boma, Mwarusha wa Sokon, aliniambia wanawake sokoni wanauliza Wadachi wana ugomvi gani na ardhi. Nikamwambia awajibu kwamba washenzi hawajui usafi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mmoja wa wanawake hao. Nayasema haya mjue nilivyokuwa.

Mashimo ya kwanza yalijaa upesi. Bwana shauri, Mdachi mkuu wa boma, akapima mahali pengine ng'ambo ya kijito, akapigilia vigingi vinne, akaniambia nisafishe na kuchimba ndani ya vigingi, kisha akaenda safari. Pale ndani palikuwa na mawe matupu. Jembe likigonga linarudi. Lakini hatua chache nje ya vigingi, upande wa mlimani, palikuwa na kiwanja chenye udongo mweusi laini. Palikuwa na migomba michache iliyokauka na kibanda kilichoanguka. Pembeni kote ulizunguka mstari wa mimea yenye majani marefu mabichi, na katikati ilisimama minne peke yake.

Mimi nikaona pori. Nikang'oa vigingi, nikavihamishia huko. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu bwana arudi akute kazi imekwisha, anisifu. Ile mimea ilinitaabisha, maana ukiikata inachipua, basi nikaamuru ing'olewe na mizizi yake. Tukaitupa shimoni pamoja na matumbo ya ng'ombe wa machinjioni.

Wiki ya tatu mwenyewe akatokea. Alikuwa mama wa makamo, umri wa mama yangu mzazi, jina lake Nanyori. Alikuja na Loishiye, akasimama ukingoni mwa shimo akitazama chini kwa muda mrefu. Shikamoo sikumpa. Kofia ilikuwa kichwani.

Loishiye akanieleza. Nanyori ni Mwarusha, aliolewa na Mmeru aliyeitwa Sumari, na kiwanja kile ni cha Sumari. Mumewe alipokufa alizikwa palepale, katikati ya migomba yake, kama wazikwavyo watu wenye kwao. Mwaka uliofuata binti yao aliugua huko Oldonyo Sambu, mama akaenda kumuuguza, akakaa misimu miwili, nyuma migomba ikafa kwa kiu. Lakini alikuwa hana wasiwasi, kwa sababu masale hayafi. Ile mimea ndiyo masale. Ya pembeni yalikuwa mpaka wa shamba, na yale manne ya katikati yalikuwa kaburi. Huku mlimani mtu akiona masale haulizi kama pana mwenyewe, anajua. Mimi niliuliza nini? Sikuuliza kitu.

Bwana shauri alikuwa amerudi, na Nanyori alikuwa ameshamfikia. Bwana alimjibu kwamba atasikiliza shauri siku ya baraza: ikiwa palikuwa na alama ya mwenyewe, ardhi itarudishwa na mashimo yatahamishwa, ikiwa hapakuwa na alama, ni ardhi ya serikali. Mama yule alikuwa hataki lingine duniani. Alitaka arudi akae karibu na mumewe, na siku yake ikifika alazwe kando yake.

Akaingiza mkono ndani ya ngozi aliyovaa, akatoa jani moja la masale, bichi, limefungwa fundo. Akanipa. Nikalipokea kwa mkono wa kulia, maana kwetu Pangani mtu akikupa kitu, hata kama hukitaki, hukikatai mbele ya macho yake. Alinitazama, uso wake ukalegea, akamwambia Loishiye maneno mawili matatu, wakaenda zao. Mimi nikaligeuza lile jani, nikaona jani. Kikapu kilikuwa karibu, nikalitupa humo.

Loishiye hakunieleza kitu, na simlaumu. Kwake yeye ingekuwa kama kumweleza mtu mzima kwamba salamu huitikiwa.

Siku ya baraza ilifika. Bwana shauri kaketi barazani, askari kasimama, na kiboko kiko ukutani mahali pake pa siku zote. Nanyori alikuja peke yake. Bwana akaniuliza, na Loishiye akitafsiri kila neno kwa Kimaasai, lugha ya kwao, ili mama asikie: nilipoanza kuchimba, ndani ya vigingi vyake, nilikuta alama yoyote ya mwenyewe?

Ndani ya vigingi vyake. Nikisema masale yalikuwapo, ataniuliza yalikuwa wapi, na nikisema yalikuwa wapi, atajua nimehamisha vigingi vya serikali. Adhabu yake kila mtu aliijua, viboko hamsa ishirini, mbele ya soko zima, mbele ya watu niliokuwa nikiwafokea kila siku. Niliogopa. Sina neno jingine zuri zaidi la kuweka hapo.

"Magugu tu, bwana," nikasema.

Nanyori hakushtuka. Aliendelea kunitazama kwa upole, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kukohoa aendelee na maneno yake. Bwana akamuuliza ana shahidi gani.

Akaninyooshea mkono. "Shahidi wangu ni huyu."

Loishiye alitafsiri kwa sauti ndogo. Bwana akasema shahidi huyo ameshasema, akaandika, shauri likaisha. Kwa muda yule mama alibaki amesimama, mpaka askari akamgusa bega.

Nje Loishiye alinivuta kando ya ukuta. Akaniuliza jani nililiweka wapi. Nikamwambia. Akanieleza kile ambacho mtoto wa miaka saba wa mlima ule anakijua: mtu akikuletea jani la masale lenye fundo, anakuomba jambo kwa heshima ya mwisho aliyonayo. Unaweza kukataa kulipokea, ingawa ni aibu. Ila ukilipokea umekubali, na mtu aliyekubali kwa masale harudi nyuma, hata kama ni adui. Wazee watatu waliopanda mpaka ule pamoja na Sumari walikuwa wameshashuka kuja kutoa ushahidi. Nanyori aliwarudisha nyumbani. Aliwaambia hakuna haja ya kuwasumbua kwa bwana, kwani mwenye kofia amepokea.

Asiyejua maana haambiwi maana, husema watu. Mimi niliambiwa, na nikaendelea kunyamaza. Masika yakapita, vuli ikapita. Tulichimba shimo, tukajaza, tukasawazisha, tukachimba lingine kando yake, na kila asubuhi nilikuwa nikiomba jembe lisiguse mfupa. Halikugusa. Loishiye alinisalimia kwa sababu ya kazi, si zaidi. Kule sokoni wanawake walinipisha njia kama zamani, nami nilidhani ni kwa hofu, hadi siku nilipowatazama nyuso. Usingizi ukanikimbia. Nikaswali, nikatubu, na bado naliona lile jicho la Nanyori likinisubiri nimalize maneno yangu.

Mwisho nikamwendea Loishiye, nikamuuliza mtu wa aina yangu anafanya nini kwao. Alinitazama weee, kisha akaingia shambani kwa mama yake akarudi na jani, akanifundisha kulifunga fundo.

Tulizunguka mlima kwa miguu hadi Oldonyo Sambu. Kofia niliiacha nyumbani. Tulimkuta Nanyori anaanika mahindi juu ya ngozi mbele ya nyumba ya binti yake. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Aliendelea kutandaza mahindi, mpaka pembe ya mwisho ya ngozi. Jua lilinichoma, mikono ikafa ganzi, Loishiye kainamisha kichwa. Halafu alijifuta vidole, akaja, akalichukua.

"Mimi nikipokea, nimepokea," alisema, na Loishiye akanitafsiria. "Sasa nenda kaseme."

Nikaenda nikasema. Nilisimama siku ya baraza, watu wamejaa, nikaeleza vigingi, masale ya pembeni, manne ya kaburi, na uongo wangu. Nilisema hadi mwisho. Bwana shauri hakukasirika hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Aliniuliza jambo moja tu: mashimo ya pale yamejaa? Nikasema yamejaa yote, bwana, la mwisho tulilisawazisha wakati wa vuli. Basi serikali haina kazi napo tena, akasema, mwanamke apachukue akitaka. Mimi nikalazwa chini nikapewa hamsa ishirini zangu, na kazi ikaishia hapo.

Nanyori alifika siku ya nne baadaye. Alikuwa ameletewa habari kwamba shamba lake limerudi. Nilikwenda kumpokea nikiwa natembea kwa fimbo. Alivuka kijito mbele yangu, haraka, umri wote ule, kisha akasimama.

Palikuwa pameota majani marefu kupita kiuno, mabichi kupindukia, toka mwanzo hadi mwisho, uwanja mmoja sawasawa. Migomba haipo. Kibanda hakipo, wala jiwe la figa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimamia kila kitu kisawazishwe, maana bwana daktari hapendi vilima.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, neno moja moja. Akanigeukia.

"Wapi?"

Nilitazama huku, nikatazama kule. Nilijua Sumari yuko mle kati ya mashimo, kwa kuwa hatukumchimbua. Lakini kati ya lipi na lipi? Nilijaribu kukumbuka migomba ilikaa upande gani, kibanda kilikuwa hatua ngapi kutoka kijitoni, yale manne yalielekea wapi. Siku ile nilipoyang'oa sikuyatazama hata mara moja. Nilikuwa nahimiza watu wafanye haraka.

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema sijui. Wallahi ulikuwa tayari. Mama yule alikuwa ananitazama vilevile kama siku ya kwanza ya baraza, akingoja kwa upole, akiamini.

Nikanyoosha kidole.

Akaenda pale. Akayalaza majani kwa mikono, akaketi chini, akanyoosha miguu yake yenye vumbi la safari, akaweka kiganja juu ya udongo na kuanza kuzungumza na mumewe. Sikuelewa maneno, ila jina la binti nililisikia, na Oldonyo Sambu. Alikuwa anampa habari, moja baada ya nyingine, za misimu yote aliyokuwa hayupo. Mimi nilisimama nyuma yake, mgongo unaniwaka, na sikujua kama pale alipoketi kuna mtu anayemsikia.