Herufi za Patience

Bi Hester alivipakata vile vijiko sita vya fedha, vimefungwa kwa flana, njia nzima hadi ukumbi wa kanisa, ambako kila majira ya machipuko huja mthamini wa vyombo vya kale. Thea, mke wa mwanawe, alimshika mkono, mtoto kambeba kifuani. Macho ya mkwewe yalikuwa yamefifia, na Thea aliomba yasiione aibu yake.

"Vilikuwa vya Patience Wilbour, bibi wa bibi yangu," Bi Hester alimwambia mthamini, Bwana Wickes. "Huyu nilimpa alipojifungua."

Bwana Wickes alikigeuza kimoja, akasoma chapa ya mfuaji nyuma ya mpini. "Hiki ni cha kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Enzi hizo walikuwa wakiyeyusha sarafu za fedha kufulia vijiko. Ona ncha ilivyolika upande mmoja. Watu wamekoroga chai hapa."

"Na umbeya," alisema Bi Hester. "Herufi za jina lake je? P na W, zina mikia kama mizabibu."

Bwana Wickes alipitisha kidole gumba juu ya mpini. Mahali pa herufi palikuwa laini, pamebonyea kidogo. Akapapulizia pumzi ya moto. Ukungu ukatanda, P na W zikajitokeza ndani yake, zikapotea. Akamtazama Thea.

Kwao Thea walikula kwa uma za plastiki. Siku alipowaandalia wageni vijiko vile, rafiki mmoja alizisoma herufi akamuuliza, "Shoga, umeazima kwa nani?" Wote wakacheka. Kesho yake alivipeleka kwa sonara, herufi zikasuguliwa zote.

"Mbona kimya?" aliuliza Bi Hester. "Zimechakaa?"

Bwana Wickes angeweza kuitikia. Thea aliona anavyomwachia nafasi ya kusema mwenyewe.

"Hazikuchakaa, mama. Nilizifutisha mimi. Niliona haya watu wakijua si vyangu."

Bi Hester alikitwaa kijiko, akaupapasa mpini huku na huku.

"Nani alikwambia si vyako?"

Chozi la Thea lilimdondokea mtoto utosini.

"Thamani yake imeshuka sana," alisema Bwana Wickes kwa upole.

"Sijauliza bei." Bi Hester akakipulizia kijiko, akakisogeza hadi puani mwake, kisha akampa Thea. "Mimi sioni. Nisomee."

Thea akapuliza. "P," alisema. "Na W, ina mkia."

"Bado zipo?"

"Zimepotea, mama."

"Basi puliza tena."