Ngamia wa Kitovu Kwenye Mizani

Lori la Mursal lilifika kwenye kizuizi cha barabara ya Garissa asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Lilibeba ngozi kavu za mbuzi, magunia machache ya ubani, na abiria waliokaa juu ya ngozi. Mursal alizima injini, akashuka, akafungua boneti ili ipoe. Ulikuwa mwaka wa 1966, masika yameisha juzi tu, na udongo wa barabara ulikuwa bado laini. Kando ya kizuizi palisimama ubao mweupe wenye maandishi mekundu. Ubao ulisema gari lolote, pamoja na mzigo wake na watu wake, lisizidi tani nane, kwa ajili ya kuhifadhi barabara ya umma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulisema magari ya jeshi hayapimwi.

Sheria yenyewe si mbaya. Barabara ya udongo ikikanyagwa na gari zito wakati wa unyevu inakatika, na ikikatika hakuna unga unaofika. Hilo kila mama alilijua. Shida haikuwa sheria. Shida ilikuwa mizani.

Mizani ilikuwa bamba la chuma lililolazwa njiani, na pembeni yake saa kubwa yenye sindano moja. Karani wa mizani, kijana wa bara aliyevaa soksi ndefu, alimpungia Mursal mkono apande. Lori likapanda. Sindano ikapita nane, ikapita kumi na mbili, ikasimama kwenye kumi na tisa.

"Umezidi," karani akasema.

"Nimezidi na nini? Ngozi?" Mursal akauliza. "Ngozi ya mbuzi ni kama karatasi, bwana."

"Punguza."

Wakapunguza. Magunia yakashushwa, ngozi zikashushwa, hata tairi la akiba na pipa la maji. Sindano ikashuka kidogo sana, kama mtu anayesogea kitini kumpisha mgeni asiyempenda.

Juu ya lori, karibu na kichwa cha gari, alikaa Kaltun na mtoto kifuani. Mtoto aliitwa Dagane. Kitovu chake kilikuwa kimevimba na kutoa usaha, na tangu jana alikuwa hataki ziwa. Kaltun alikuwa bado hajatimiza arobaini yake, na mwanamke wa kwao hatoki nje kabla ya arobaini. Lakini mtu wa dawa kule Modogashe alikuwa amekifunua kitovu, akakifunika tena haraka, akasema aende hospitali ya Garissa, na aende leo. Kwa hiyo Kaltun alipanda lori, na alipopanda springi zote za upande wake zililia. Mursal aliona. Njia nzima usukani ulikuwa mzito mikononi mwake, lakini mtu hamuulizi mama mzazi uzito wake.

Kaltun naye alikuwa ameona. Tangu wiki ile askari walipowapiga risasi ngamia wao kwa kosa la kulisha nje ya mpaka uliowekwa, nyayo zake zilikuwa zinazama mchangani mpaka kwenye vifundo. Alidhani ni udhaifu wa uzazi.

"Ngamia yake hiyo," alisema Muslimo, mama mzee aliyekaa juu ya ngozi kabla hazijashushwa, na sasa amekaa juu ya mbao tupu, amekasirika. "Si walipigwa wote? Sasa wataenda wapi? Wako na yeye."

Karani alimtazama Kaltun, akatazama saa ya mizani, akakubali. Hesabu ilikuwa inaingia.

"Ngamia hai au waliokufa?"

"Wamekufa," Kaltun akasema.

"Mizoga haisafirishwi bila cheti cha bwana mifugo."

"Basi andika wako hai," Mursal akadakia.

"Wakiwa hai wanahitaji kibali cha kuhamisha mifugo. Na sasa kuna karantini, kibali hakitolewi. Na hili si lori la mifugo." Karani hakuwa mtu mbaya. Alilisema hilo kwa upole, kama anayemsomea mgonjwa jinsi ya kunywa dawa. "Mama, ni ngamia wangapi?"

Kaltun akamvuta mtoto karibu na kifua. Kwao hakuna anayetaja idadi ya ngamia wake mbele ya mtu. Ukitaja, jicho linaingia, na zizi linaisha. Zizi lilikuwa limeisha tayari, lakini ulimi ulikuwa haujapata habari.

"Ni wachache tu," akajibu. "Wawili, watatu."

"Mama, hapa pana tani kumi na zaidi. Kama ngamia ni watatu, hizo nyingine ni nini? Umeficha bunduki?"

Basi sikilizeni hapo, wenye kusafiri na barabara ile. Ukiulizwa, sema ukweli wako hata kama ulimi unauma. Askari wa kizuizi walipanda, wakamkagua Kaltun, wakakagua nguo za mtoto, wakamfungua mtoto kitovu na kukitazama kwa tochi mchana kweupe. Hawakupata bunduki. Walipata usaha. Wakashuka wakifuta mikono kwenye suruali.

"Na wewe je?" karani akamuuliza Muslimo. "Mbona wewe huna uzito?"

"Mimi mbuzi yangu iliisha na ukame. Kile Mungu anachukua hakina uzito, kijana. Kile bunduki inachukua ndiyo inabaki kwa mtu."

Karani akatikisa kichwa. Maelezo yalimtosha. Mtoto alilia kidogo, kilio kisicho na nguvu, kisha akaacha, na kuacha kwenyewe kulimtisha Kaltun kuliko kilio.

Wakati huo gari la jeshi likaja kwa nyuma, limejaa masanduku na askari. Karani akaliondoa lori la Mursal kwenye bamba, akakimbia kuinua boriti ya kizuizi.

"Warya, wewe! Mbona hiyo haipimwi?" Mursal akapiga kelele. "Barabara inajua hiyo ni jeshi?"

Sajini aliyekaa mbele alikuwa na furaha siku hiyo. Akacheka. "Tupime," akamwambia karani. "Tupime, huyu mzee alale vizuri."

Gari la jeshi likapanda juu ya bamba na masanduku yake yote. Sindano ilibaki penye sifuri. Karani akagonga kioo cha saa kwa kidole. Sindano haikutikisika.

"Mnaona?" karani akawaambia abiria. "Hawa wanafuata sheria."

Muslimo akasogea ukingoni mwa lori. "Sajini, ni nyinyi mlipiga ngamia kule juu, wiki ile ingine?"

"Sisi tulifuata amri tu, mama."

"Aa. Ndiyo sababu," Muslimo akasema.

Kaltun akasimama. Mbao zikalia. "Bwana," akamwambia sajini, "mtoto yangu ni mgonjwa. Gari yako iko nyepesi. Mpeleke hospitali."

Sajini akamtazama mtoto, na furaha ikamtoka kidogo usoni. "Haturuhusiwi kubeba raia, mama. Pole." Gari likaondoka. Nyuma yake, kwenye udongo laini, likaacha mifereji miwili ambayo mbuzi angeweza kulala ndani yake asionekane. Karani akatazama mifereji, akaandika kwamba barabara imeharibika na magari mazito yaendelee kuzuiwa.

Jua likapanda. Mursal akarudisha lori kwenye bamba.

"Nitashuka mimi," Kaltun akasema. "Eddo Muslimo, shangazi, nishikie mtoto. Mpeleke wewe. Mimi nitafuata na miguu."

"Na atanyonya nini njiani?"

"Hanyonyi."

Muslimo akanyoosha mikono akampokea mtoto. Kaltun alishuka kwa ngazi ya nyuma, na alipokanyaga chini, ardhi ilimmeza mpaka katikati ya ugoko. Lori likainuka kama mtu aliyetua gunia. Sindano ikakimbia kurudi, tisa na nusu, tisa, ikapunguza mwendo, ikasimama nusu tani juu ya nane.

"Bado," karani akasema.

"Bado nini!" Mursal akavua kofia yake akaipiga kwenye goti. "Gari tupu! Kwa nini unatuchezea, wewe? Mtoto anakufa hapo!"

"Bwana dereva, mimi sichezi. Sindano ndiyo inasema."

Abiria wote wakashushwa, hata Muslimo na mtoto. Sindano ikaonyesha lori peke yake, chini ya tani sita, halali kabisa. Kisha karani akawapandisha mmoja mmoja. Kila aliyepanda alileta uzito wake wa kibinadamu. Muslimo akapanda mikono mitupu, akaleta wake, mdogo. Mwishowe Mursal akamwinua Dagane kwa mikono miwili, polepole sana, maana mtoto alikuwa mzito mikononi kama jiwe la kusagia, akampa Muslimo. Sindano ikapiga hatua kubwa.

"Ni mtoto," karani akasema.

Kila mtu akamtazama Kaltun.

"Kaltun, sema," Muslimo akamwambia kwa sauti ya chini. "Saa hii siyo ya kuficha."

Kwao, mtoto wa kiume akizaliwa, kabla kitovu hakijakauka, mkubwa wa ukoo humfungia ngamia jike. Huyo ni ngamia wa kitovu. Ni wake peke yake, na kila ndama atakayezaliwa na ngamia huyo ni wake, na ndama wa ndama. Siku atakapokuwa mtu mzima zizi lake lote litakuwa limetoka kwa ngamia yule mmoja. Hapokonywi. Hata baba mwenye deni hamuuzi ngamia wa kitovu cha mwanawe.

"Baba yangu alimfungia," Kaltun akasema. "Siku alizaliwa. Ngamia mwekundu, mwenye mimba. Walimpiga pamoja na wale wengine."

"Mwenye mimba," karani akarudia, akalinganisha na saa. "Ndiyo maana ni mzito hivi. Basi aondolewe. Mtoto akiwa hana ngamia, anapita sasa hivi."

"Haondolewi," Mursal akasema. "Hicho kitu hakirudishwi, bwana. Ni kama kumwambia mtoto hakuzaliwa kwetu."

"Mimi sijui mambo ya kwenu. Najua tani nane. Na kizuizi kinafungwa jioni kwa sababu ya kafyu."

Mursal alizunguka lori mara moja, akapiga teke gurudumu, akarudi palepale. Muslimo alifungua shuka akamtazama Dagane, midomo yake imekauka na kope hazifungi vizuri. Alimgeuzia Kaltun ule uso mdogo ili auone vizuri.

Kaltun akavuta mguu mmoja kutoka ardhini, kisha wa pili, akafika ubavuni mwa lori. Akainua mkono mpaka ukagusa shuka ya mtoto.

"Nyinyi mko hapa, mnasikia," akawaambia abiria, kwa sababu jambo kama hilo linahitaji mashahidi. "Dagane, ngamia babu yako alikufungia, mimi mama yako nimemchukua. Si wako. Hukuwa naye."

Ardhi ikalegea chini yake. Akazama mpaka magotini. Sindano ikarudi, ikatulia kidogo chini ya nane, na karani akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba lori limekubaliwa.

Walipakia ngozi chache tu, nyingine wakaziacha kando ya njia. Mursal hakumuaga Kaltun. Aliinua mkono, akaushusha, akawasha gari. Vumbi jepesi likafuata lori, na Kaltun akafuata vumbi.

Alitembea mchana kutwa, na kafyu ikamkuta njiani, lakini askari wa doria waliokutana naye walishindwa kumpandisha garini, wakamwacha. Kila hatua yake ilikuwa shimo. Asubuhi ya pili aliingia Garissa. Watu wa barabara walikuja baadaye kupima yale mashimo kwa kamba, wakayajaza kokoto, wakaongeza mstari mmoja kwenye ubao mweupe: wanaotembea kwa miguu na mifugo iliyokufa watumie kando ya barabara. Mstari wa chini, wa magari ya jeshi, haukuguswa.

Hospitalini, sakafu ya baraza ilipasuka alipoikanyaga, na msaidizi wa pale akamwomba kwa heshima abaki nje. Akazunguka mpaka dirishani. Muslimo alikuwa ndani, amekaa kitandani, mtoto mapajani.

"Wamesafisha kitovu," Muslimo akasema. "Sindano wamempiga. Usiku amelia vizuri, sauti kubwa, mpaka watu wametukana. Alhamdulillahi."

Nesi alimweka Dagane kwenye mizani ndogo ya watoto, iliyokuwa kama bakuli, akasoma, akaandika. "Uzito wa kawaida," akasema. "Mtoto wako hana kitu cha ziada, mama."

"Hana," Kaltun akajibu.

Kwenye benchi la nje walikaa kina mama wengine wenye watoto wachanga, na Kaltun aliwaambia, mmoja mmoja, kama watu wanavyoambiana habari ya kisima kibovu. Mtoto akizaliwa, msimfungie kitu kabla hamjavuka mizani. Na mkimfungia, asisikie mtu. Mama mmoja alisema yeye tayari amefungiwa mwanawe, na walikuwa wanarudi kesho na lori lilelile. Kaltun akamuuliza kama kurudi pia wanapimwa.

"Kwenda na kurudi," mama yule akasema. "Kila mara."

Muslimo akampitisha Dagane dirishani. Kaltun akamshika kwa mikono miwili, na mtoto alikuwa mwepesi, mwepesi mpaka mikono yake ilipaa juu bila kutaka. Akampa ziwa. Dagane akanyonya. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa vizuri kitovuni.

Kwao mtoto anaponyonya kwa mara ya kwanza baada ya ugonjwa, mama humtajia jina la ngamia wake sikioni, ili ajue ana cha kukulia. Kaltun aliinama. Jina lilikuwa tayari ulimini. Akakumbuka bamba la chuma, na saa, na sindano moja, zikiwangoja njiani. Akafunga mdomo, akamwacha mtoto anyonye.