Wageni wa Kufungiwa Mbwa

Honi ilipolia mara mbili, Evaresta aliacha kuanika mashuka, akaenda kushika mnyororo wa mbwa, akasubiri neno.

Neno lilikuwa linatoka getini. Lemburis, mlinzi, anafungua kitundu cha geti, anachungulia, halafu anapiga kelele mara moja. Akisema "Funga!", Evaresta anamvuta Otto mpaka nyuma ya tangi la maji, anamfunga kwenye chuma. Akisema "Acha!", anamwachia, na Otto anaenda zake kunusa viatu vya mgeni na kutikisa mkia.

"Funga!"

Alikuwa msoma mita ya maji. Evaresta akafunga.

Hakuna aliyewahi kuwaandikia orodha. Miaka minne nyuma, wiki ile Madam Karin alipomleta huyo mbwa kwenye nyumba hii ya Njiro, aliwaita wote wawili barazani. Madam alikuwa anajua Kiswahili, alikisomea miezi mitano, na alikuwa anajivunia. Siku hiyo kilimkwama.

"Otto ana historia ngumu," alisema. "Alikuwa kwenye shamba la kahawa, kule mlimani. Walimfundisha kulinda. Sasa akiona watu ambao hajawazoea, anaogopa."

"Watu gani, madam?" Lemburis aliuliza.

Shingo ya madam ilianza kuwa nyekundu. "Watu wapya."

"Yule mama wa jana na watoto wake walikuwa wapya. Mbona aliwalamba?"

"Ndiyo. Hapana. Wale ni..." Alicheka kidogo, akaangalia maua. "Mtaona tu. Nyie mtaelewa."

Wakaona. Fundi wa friji alichaniwa suruali. Mchungaji wa usharika wa Evaresta, mtu mzima na kola yake shingoni, alipanda juu ya boneti ya gari lake mwenyewe. Rafiki zake madam walikuja na kaptula zao, wakamkuna Otto tumboni, wakasema hawajawahi kuona mbwa mpole hivi. Evaresta ilimchukua miezi mitatu ya kumrushia maini kutoka mbali, na kovu moja kwenye kiganja, mpaka Otto akamkubali.

"Huyu kwao Ulaya bana," Lemburis alikuwa anasema, akigonga kikopo chake cha ugoro. "Amekosa pasipoti tu."

Wakicheka, walikuwa wanacheka chinichini. Mbele ya madam ilikuwa "wageni wa kufungiwa" na "wageni wa kawaida". Madam mwenyewe aliyachukua hayo maneno, akaanza kuyatumia. "Evaresta, leo jioni nina wageni sita. Wanne wa kawaida, wawili wa kufungiwa." Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayepita mahali panaponuka.

Elisaria, binti yake Evaresta, akifunga shule alikuwa anakaa naye wiki moja kwenye chumba cha uani kabla ya kupanda kijijini Nkoaranga kwa bibi yake. Likizo iliyopita aliuliza, sahani ikiwa mapajani.

"Mama, mimi nimekuja hapa mara ngapi?"

"Nyingi. Kwa nini?"

"Kila nikija mnafunga mbwa. Yule mtoto wa jirani, mzungu, siku ya kwanza tu alimpanda mgongoni."

"Hajakuzoea."

"Miaka yote hii?"

"Elisaria, kula."

Mtoto akala. Hakuuliza tena, na Evaresta alishukuru, halafu usiku hakupata usingizi vizuri.

Mkataba wa Madam Karin ulikuwa unaisha Desemba. Kwenye nyumba hizi mtu anatoka kwa mzungu mmoja kwenda kwa mwingine na barua ya sifa mkononi. Bila barua hata getini hupiti. Evaresta alikuwa nazo mbili, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Ya tatu, ya Madam Karin, ndiyo ingekuwa kubwa, ya miaka sita, na Waholanzi wa nyumba ya pili walishamwambia wanasubiri kuiona tu. Elisaria alikuwa anaingia kidato cha nne, bweni. Baba yake alishaoa kwingine. Kidato cha nne chote kilikuwa ndani ya hiyo barua.

"Nitakuandikia nzuri sana," madam alikuwa anasema. "Wewe ni kama ndugu."

Jumanne jioni madam aliwaita.

"Kesho saa sita anakuja Daktari Violet, kutoka makao makuu, Marekani. Ndiye anakagua mradi wetu. Sijawahi kuonana naye, tumeandikiana tu, lakini ni mtu mkubwa. Msimwache anasubiri nje. Aingie moja kwa moja."

"Sawa, madam," Lemburis alisema.

"Na Otto?" Evaresta aliuliza.

Madam alikuwa anaandika kwenye simu. "Otto hana shida. Ni mgeni kutoka Marekani."

Kesho yake saa sita kasoro, honi. Evaresta akashika mnyororo. Teksi ilikuwa ya Godwin, dereva wa Sakina, ile ya vioo vyeusi, na Godwin alishatoa kichwa nje.

"Fungua basi, chalii yangu! Mgeni wa madam huyu, wa Marekani!"

Lemburis hakuchungulia. Alivuta komeo.

"Acha!"

Evaresta akaachia.

Teksi ikaingia, ikasimama kwenye kokoto, mlango wa nyuma ukafunguka. Ukatoka mguu, viatu vya kamba, gauni la bluu. Halafu mkono ukashika mlango, na ule mkono ulikuwa mweusi, mweusi kuliko wa Evaresta.

"Otto!" Evaresta alipiga kelele. "Otto, rudi!"

Otto alishafika.

Ilikuwa muda mfupi sana. Evaresta alimrukia mbwa kwa mwili mzima, akamkaba shingo, wakaanguka wote. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kokoto, amejishika juu ya kiwiko, damu inapita katikati ya vidole. Hakulia. Alikuwa anaangalia mnyororo.

Wakamwingiza ndani. Evaresta alikuwa jikoni anachemsha maji pale madam alipomfuata na kusukuma mlango nyuma yake.

"Evaresta. Wewe umechoka siku hizi."

"Hapana, madam."

"Umechoka. Nimeona. Mtu akichoka anasahau vitu. Ni kawaida, hakuna atakayekulaumu." Alikuwa anajikanda vidole. "Daktari atakuuliza. Na mimi wiki hii nataka nikae niandike barua yako. Unaelewa?"

Maji yalikuwa yanachemka. Evaresta alizima gesi.

"Naelewa, madam."

Alipoingia sebuleni na beseni la maji, Daktari Violet alikuwa ameegemeza mkono juu ya mto wa kochi, taulo imeshaloa. Alimwangalia Evaresta moja kwa moja, akasema kwa Kiingereza, polepole:

"Niliona kupitia dirisha la gari. Yule mwanaume alipiga kelele, na huyu mama akaachia mnyororo. Alikuwa amemshika mbwa, halafu akamwachia. Muulize wanajuaje lini wamshike na lini wamwachie."

Madam Karin akageuka. "Anauliza kama ulisahau kumfunga mbwa."

"Swali langu lilikuwa refu kuliko hilo," Daktari Violet alisema.

Friji ya jikoni ilianza kuunguruma.

Evaresta alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba za Kiingereza miaka kumi na moja. Alilisikia lile swali lote, kuanzia mwanzo. Alisikia pia kwamba madam ameacha kupumua.

"Jirani wa bibi yangu alikuwa na mbwa wa namna hii," Daktari Violet aliendelea. "Tulikuwa tunazunguka mtaa mzima tusipite kwake. Sihitaji kuambiwa huyu ni mbwa gani. Nataka mtu mmoja tu wa nyumba hii aseme."

Madam aliangalia zulia. "Ana historia ngumu sana," alisema. "Anaogopa watu ambao..." Akaishia hapo.

Wale wanawake wawili weusi waliangaliana. Jibu lilikuwa fupi, Lemburis angelisema kwa neno moja. Evaresta aliliona lile gauni la bluu limechafuka, akaona na mfuko wa nailoni chini ya godoro. Akafikiria sare ya Elisaria, sketi ambayo imeshafunguliwa pindo mara mbili.

"Nilisahau," alisema kwa Kiingereza, yeye mwenyewe, bila kutafsiriwa.

Daktari Violet alimwangalia muda mrefu, mpaka Evaresta akainamisha macho kwenye beseni. Halafu akanyanyuka, akachukua mkoba kwa mkono mzima.

"Sawa," alisema. "Nipelekeni hospitali."

Ijumaa madam alimwita barazani. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ofisi inataka ionekane kuna hatua imechukuliwa."

"Hatua gani, madam?"

"Siyo uamuzi wangu, Evaresta. Ripoti imeandika kwamba mfanyakazi alisahau kumfunga mbwa. Na wewe ulikiri mwenyewe, mbele yake."

"Lakini madam, jikoni ulisema..."

"Nilisema umechoka." Alisema kwa upole kabisa. "Nenda kapumzike nyumbani. Barua njoo uchukue Jumatatu."

Jumatatu Evaresta alishuka kutoka Nkoaranga na gauni lake la kanisani. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sita alisimama upande wa nje wa lile geti, akagonga kama mgeni.

Kitundu kikafunguka. Jicho la Lemburis.

"Mama Elisaria."

"Ndiyo mimi. Nimefuata barua."

Jicho halikuondoka, geti nalo halikufunguka.

"Lemburis, jua kali. Fungua."

"Subiri kidogo, mama. Kuna utaratibu mpya. Mtu yeyote ambaye hakai hapa, mbwa anafungwa kwanza. Sasa tumeambiwa ni wote, hakuna cha wa kawaida wala nini."

Nyuma yake gari likapiga honi. Alikuwa mama wa Kiholanzi wa nyumba ya pili. Geti likafunguka lote. Evaresta alisikiliza. Hakuna kelele iliyopigwa. Yule mama alishusha kioo alipomfikia.

"Evaresta! Pole sana. Karin ameniambia. Ni ngumu, eh?" Alitabasamu, akaangalia mbele. "Tumeshapata mtu, lakini nakutakia kila la heri."

Gari likaingia. Otto alilikimbilia, mkia juu.

"Na huyo anakaa hapa?" Evaresta aliuliza.

"Mama Elisaria, usinitafutie matatizo," Lemburis alisema. "Nina watoto na mimi." Akampa bahasha. Wala haikuwa imegundishwa.

Evaresta aliisoma palepale, akifuata mistari kwa kidole. Ilikuwa fupi kuliko zile mbili za zamani. Ni mwaminifu na msafi. Anafanya kazi vizuri akiwa chini ya usimamizi wa karibu. Kwa sasa hatufikirii kwamba anafaa kuachiwa majukumu ya usalama wa nyumba. Kwa maelezo zaidi, nipigieni. Hakuna hata neno moja baya. Aliikunja mara nne.

"Vitu vyangu bado viko chumbani," alisema. "Sufuria na Biblia."

Lemburis alivuta pumzi. Akageuza kichwa kuelekea uani, na sauti yake ikatoka kama siku zote:

"Funga!"

Msichana mpya wa kazi akaja mbio kutoka kwenye kamba za nguo, jina lake Princess, labda miaka ishirini, aproni ya Evaresta imemzidi kiuno. Alimkamata Otto kwa wasiwasi, mnyororo umemzunguka mkononi vibaya, hivyo wanavyoshika wanaoanza.

"Shikamoo," alimwambia Evaresta. Halafu kwa Lemburis, taratibu, "Na huyu naye ni wa kufungiwa?"

Lemburis aligeuza uso, akasogea kando ya geti.

Evaresta akaingia. Otto akamwona. Hakubweka. Alianza kulia kama mtoto wa mbwa, akajivuta mpaka mnyororo ukamkaba, akalala chali pale kwenye kokoto, tumbo juu, akisubiri akunwe.

"Mbona anamjua?" Princess aliuliza.

"Kaza mnyororo," Lemburis alisema, akiwa amewapa mgongo. "Apite."