Duka la Usiguse

Duka letu halikuwa na wateja, lilikuwa na wageni. Wanaingia, wananyata, wanasoma kadi, wanasema "asante sana" na kuondoka mikono mitupu. Nani anunue ufagio uliotundikwa ukutani chini ya taa, na kadi pembeni: "Ufagio. Usiguse"? Birika lilikaa ndani ya kisanduku cha kioo. Hata kijiko kilikuwa na mto wake, na kigoda jukwaa lake.

Kosa lilikuwa la mwenye duka, tuliyemwita Profesa. Alifanya kazi makumbusho miaka thelathini, akastaafu, akafungua duka, ila kichwa chake kilibaki kulekule. Vyombo tulivishika kwa glavu nyeupe. Mtu akiuliza bei, Profesa alimpa historia ya mwiko. Basi Jumatatu akaniambia, huku anapangusa miwani: "Jumamosi ikipita hatujauza kitu, tunafunga." Kazi hii niliitafuta mpaka soli zikaisha.

Jumamosi asubuhi, nani huyo mlangoni? Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni.

"Hodi humu! Mbona kimya hivi, kuna msiba?"

Angeharibu kila kitu, namjua.

"Unamfahamu?" Profesa akaninong'oneza.

Nikajibu, Mungu anisamehe: "Hapana. Ni mteja tu."

Shangazi alisikia. Masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Alinitazama, kisha akatabasamu. "Haya, dada muuzaji, nihudumie."

Akafungua kisanduku, akatoa birika kwa mikono yake mwenyewe. Profesa akashika kifua.

"Mama, hilo ni..."

"Ni birika, baba. Leteni maji tuone kama halimwagi ovyo."

Nikaleta, ningefanyaje? Akamimina kwenye kikombe chenye kadi, hata tone halikudondoka nje. Akashusha ufagio, akafagia chini ya meza ya Profesa. Vumbi lililotoka huko, makubwa! Halafu akapanda jukwaani, akakalia kigoda, akajitikisa huku na huku. "Kimetulia hiki. Njooni mkalie, hakiumi!"

Waliokuwa wanachungulia dirishani wakaingia. "Na mimi nijaribu." "Nifungie hilo birika." Kufika saa sita mchana, kuta zilikuwa nusu tupu, na Profesa, glavu mfukoni, alikuwa anafunga vifurushi na kuimba puani.

"Jumatatu tunafungua mapema," akaniambia.

Ningeruka kwa furaha. Lakini Shangazi alikuwa bado kwenye kigoda, anajipepea kwa kadi ya "Usiguse", hanitazami.

"Asante kwa huduma, muuzaji," akasema.

Muuzaji! Mimi, anayeniita "mwanangu" tangu sijaota meno! Machozi yakanilenga, na aibu ikanishika mpaka shingoni.

Nikachukua kadi mpya, nikaandika kwa herufi zetu nzuri, nikaisimamisha mbele ya miguu yake. Nikamwita Profesa aisome kwa sauti, wateja wote wasikie.

"Shangazi," Profesa akasoma. "Mwaka: hauulizwi. Kazi: alimlea muuzaji aliyemkana leo asubuhi. Hauzwi."

Profesa akavua miwani, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Shangazi alicheka mpaka kigoda kikalia, huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu, umesahau kuandika 'Usiguse'."

"Sijasahau," nikasema, nikapanda jukwaani kumkumbatia.